Somo: Kuchagua printa ya rangi ya nyumbani ambayo wino wake hautakufilisi

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kibandani kwangu hapa Temeke na printa kaifunga kwa kanga. Shule ilikuwa imetuma kazi ya likizo kwenye kundi la wazazi, ramani ya Tanzania ya rangi, na alipoiprinti Ziwa Victoria likatoka la waridi. Wino wa bluu ulikuwa umekaukia kwenye hedi, yaani kichwa kinachonyunyiza wino kwenye karatasi, maana printa haikuguswa tangu Pasaka. Aliinunua kwa sababu ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. Kuifufua kungemgharimu karibu sawa na alichoinunulia. Nilipomwambia, alikaa kimya kwenye benchi muda mrefu. Naandika somo hili kwa ajili ya anayejiandaa kununua sasa hivi.

Hatua ya 1: Hesabu kurasa zako

Kabla ya kuuliza bei popote, kaa chini uandike: mwezi uliopita nyumba nzima mliprinti kurasa ngapi, na ngapi zilihitaji rangi kweli? Kazi za watoto, barua za maombi, vitambulisho, picha. Ukipata kurasa kumi kwa mwezi, nakushauri kwa moyo mweupe usinunue printa. Nenda stationari. Wino hukauka usipotumika, na printa ya rangi inayolala miezi miwili ni hasara inayosubiri siku yake.

Hatua ya 2: Jua aina tatu

Za katriji, yaani kiboksi cha wino unachobadilisha kikiisha: mashine yenyewe ni bei ya chini, wino ndio unaouma.

Za tangi: wino unamimina mwenyewe kutoka kwenye chupa. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, leo Canon, HP na Brother nao wanazo. Bei ya kununulia iko juu, ila ukurasa unakuwa wa bei ndogo sana.

Leza ya rangi: inatumia tona, ambayo ni unga, kwa hiyo haikauki hata ikikaa mwaka. Lakini tona ziko nne, na siku zikiisha utashtuka. Kwa nyumba ya kawaida sizipendekezi.

Hatua ya 3: Tafuta bei ya ukurasa mmoja

Hapa ndipo pesa ilipo, msiruke. Kila katriji au chupa ya wino ina idadi ya kurasa iliyotangazwa na kampuni. Gawa bei kwa idadi hiyo.

Katriji ya HP 123 ya kawaida inatoa kurasa kama 120 nyeusi, na ile ya rangi kama 100. Tuseme nyeusi umeuziwa 40,000 na ya rangi 45,000. Nyeusi inakuwa shilingi 333 kwa ukurasa, rangi 450. Ukurasa unaotumia zote mbili unakaribia 783, bado karatasi. Stationari ya mtaani kwetu wanachaji 500.

Sasa chukua wino wa Epson 103, unaotumika kwenye printa ya tangi ya Epson L3250. Chupa nyeusi ya mililita 65 inahesabiwa kurasa 4,500, na zile tatu za rangi kwa pamoja kurasa 7,500. Tuseme kila chupa ni 30,000. Nyeusi inakuwa kama shilingi 7, rangi 12, jumla 19. Ongeza karatasi, rimu ya karatasi 500 tuseme 13,000, yaani 26 kila moja. Shilingi 45. Weka bei za duka lako mwenyewe, utaona pengo halibadiliki sana.

Angalizo: idadi hizo ni za kurasa zenye wino kidogo, takriban asilimia 5 ya karatasi kwa kila rangi. Picha inayojaza A4 nzima inakula mara nyingi zaidi. Pia chupa za kwanza huisha mapema kwa sababu printa mpya hutumia wino mwingi kujaza mipira yake ya kupitishia wino. Hujaibiwa.

Malizia na hesabu hii. Kama printa ya tangi ni 600,000, na kila ukurasa unaokoa 455 ukilinganisha na stationari, pesa yako inarudi baada ya kurasa kama 1,320. Anayeprinti 150 kwa mwezi anarudisha ndani ya miezi tisa. Anayeprinti 30 anahitaji miaka mitatu na zaidi. Ndiyo maana nimeanza na kuhesabu.

Hatua ya 4: Lipia unachohitaji tu

Skana na kopi chukua, mtavitumia. Waifai ni nzuri kama mnaprinti kwa simu. Kuprinti pande mbili yenyewe si lazima, unaweza kugeuza karatasi kwa mkono. Kasi isikusumbue: L3250 inatoa kama kurasa 10 nyeusi au 5 za rangi kwa dakika, na kwa nyumbani inatosha.

Hatua ya 5: Dukani

Uliza kwanza kama wino wake unapatikana duka la jirani pia, si hapo tu. Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Hakikisha chupa za wino zimefungwa na boksi halijafunguliwa. Mpya isiyojazwa wino beba utakavyo, ila iliyokwisha kujazwa ibebe ikiwa imelala sawa, usiiweke ubavu kwenye bodaboda. Nimefungua nyingi ambazo wino ulimwagika hadi kwenye saketi.

Hatua ya 6: Nyumbani

Printi ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna kazi. Zima kwa kitufe chake, subiri itulie, ndipo uzime soketi. Ikizimwa kwa kitufe, hedi hurudi sehemu yake na kufunikwa. Ukichomoa waya ghafla inabaki wazi na kukauka. Ifunike kitambaa, maana mlango wa karatasi wa nyuma hupokea vumbi, na mende huingia humo humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Kuna printa za mtumba kutoka nje kwa 150,000, nichukue?

Jibu: Marahaba. Tazama mambo matatu. Umeme: iliyotoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, ukiichomeka hapa inaungua. Wino: baadhi ya printa za HP hufungwa kwa katriji za ukanda zilikouzwa. Tatu, mwambie muuzaji aprinti ukurasa wa kukagua nozeli, yaani vitundu vya hedi vinavyotoa wino, mbele yako. Utaona vichoro vya rangi nne. Mistari ikikatika katika, rudisha pesa mfukoni.

Swali: Canon au Epson, kaka?

Jibu: Kwenye Canon nyingi za tangi za mfululizo wa G, wino mweusi ni wa pigmenti, yaani chembe ndogo za rangi, hausambai haraka maandishi yakilowa, na hedi unaweza kubadilisha mwenyewe. Epson za mfululizo wa L kama L3250 wino wote ni wa dai (dye), yaani rangi iliyoyeyushwa, kwa hiyo chunga maji, ila hedi yake ni imara usipoiacha ikauke. Mimi mteja wa barua nyingi humpeleka Canon. Kama spea za moja tu ndizo ziko mjini kwako, chukua hiyo.

Swali: Kuna wino wa "printa zote" wa bei ya chini sana. Unafaa?

Jibu: Kwa printa mpya usithubutu. Unaokoa elfu chache unaharibu hedi, na ikiharibika ndani ya waranti hawatakusikiliza.

Swali: Niko Kigoma vijijini, natumia sola. Itawezekana?

Jibu: Ya wino inawezekana, nyingi hazifiki wati 20 zinapochapa. Leza usijaribu, inapopasha moto huvuta mamia ya wati na inverta ndogo itazima. Na kuprinti kwa simu hakuhitaji bando, tumia Wi-Fi Direct, yaani simu inaungana na printa moja kwa moja.

Swali: Epson yangu inawasha taa mbili nyekundu kwa kupokezana, haitaki kuprinti.

Jibu: Pedi ya wino mchafu, yaani sponji inayonyonya wino unaomwagwa hedi ikisafishwa, imefika kikomo. Wapo watakaokurisetia kwa programu tu. Ukikubali hivyo bila kubadilishwa pedi, baada ya muda wino utavujia mezani. Dai vyote viwili vifanyike.

Swali: Sisi tunaenda Moshi mwezi mzima. Tuiacheje?

Jibu: Izimeni kwa kitufe, chomoeni, mfunike. Mkirudi, kagueni nozeli kabla ya kazi yoyote. Mistari ikikosekana, safisheni hedi mara moja, kagueni tena, kisha mara ya pili. Bado ikigoma, msirudie rudie, kila usafi unamwaga wino. Iacheni usiku kucha, mjaribu asubuhi. Mara nyingi hapo inafunguka.