Kununua mvinyo wa matunda kwa klabu ya mtengenezaji mdogo Uganda

Mananasi ya Kayunga na Luweero, ndizi za magharibi, pasheni, maembe, choya (rozela): yote hayo yanageuzwa mvinyo na watengenezaji wadogo nchini Uganda, na baadhi yao wanatengeneza vizuri sana. Shida yao kubwa huwa ni fedha ya kuzungusha. Duka kubwa mara nyingi huchukua mzigo leo na kulipa baadaye, ilhali matunda hununuliwa kwa taslimu siku yamejaa sokoni na bei imeshuka. Klabu inaziba pengo hilo: mwanachama anaahidi katoni kadhaa kwa mwaka, analipa sehemu mapema, na anapewa bei ya kiwandani. Kwa hiyo unachomuuzia mtengenezaji ni uhakika, na uhakika una thamani. Usiutoe kabla hujaonja.

Anza na hesabu. Tuseme bei ya klabu ni sh 20,000 kwa chupa ya mililita 750, na dukani chupa hiyo hiyo ni sh 27,000. Katoni ya chupa 12 ni 240,000, ongeza usafiri 15,000, jumla 255,000. Chupa zote zikiwa nzuri, kila moja imekugharimu 21,250. Ikiharibika moja, zile 11 zinakuwa 23,182 kila moja, bado umefaidi. Zikiharibika 3, unafika 28,333 na duka limekushinda. Ada ya uanachama igawanye kwa chupa utakazochukua mwaka mzima: ada ya 30,000 kwa katoni 2 ni sh 1,250 juu ya kila chupa. Uliza pia kama bei imeshajumuisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mtengenezaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayafikii kiwango kilichowekwa na sheria halazimiki kujisajili, lakini aliyesajiliwa akikutajia 20,000 bila VAT, utalipa 23,600.

Nenda kiwandani mwenyewe. Huhitaji utaalamu, unahitaji maswali machache na macho. Uliza mvinyo umekaa muda gani kabla ya kutiwa chupani. Mvinyo wa matunda uliopumzika miezi 3 hadi 6, ukihamishwa kutoka kwenye mashapo mara mbili au zaidi, hutulia ladha na kung'aa. Uliotiwa chupani wiki ya nne huwa bado na hamira inayofanya kazi. Uliza haidromita, kifaa cha kupima uzito wa juisi unaoonyesha sukari iliyomo, iko wapi, na daftari la vipimo liko wapi. Mtu anayeandika kipimo cha mwanzo 1.090 na cha mwisho 1.000 anajua mvinyo wake una kilevi cha karibu asilimia 12, na akiandika 12 kwenye lebo anaandika alichopima. Asiye na daftari anabahatisha, na katoni ya pili haitafanana na ya kwanza.

Usishtuke ukiona magunia ya sukari. Juisi ya nanasi lililoiva, peke yake, huishia kwenye kilevi cha asilimia 7 hivi. Kila gramu 17 za sukari katika lita huongeza asilimia 1, kwa hiyo kufika 11 kunahitaji karibu gramu 70 zaidi kwa lita. Huo ni utaratibu wa kawaida wa mvinyo wa matunda. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni chupa za rangi na manukato ya nanasi mahali ambapo huoni ganda hata moja la nanasi.

Swali linalookoa fedha kuliko yote ni hili: mvinyo mtamu mnauzuiaje usichachuke tena ndani ya chupa? Wanywaji wengi wanapenda utamu, hivyo watengenezaji huongeza sukari mwishoni. Sukari hiyo ikikutana na hamira iliyo hai, gesi hujikusanya, kizibo husukumwa nje, na chupa ya kioo chembamba inaweza kupasuka. Majibu yanayokubalika ni kuupasha joto kwa kipimo, kuuchuja kwa chujio laini linalonasa hamira, au kutumia sorbati ya potasiamu pamoja na salfaiti, ambazo ni dawa za kuhifadhi vinywaji. “Tunaweka kwenye friji” si jibu, kwa sababu katoni yako itasafiri bila friji.

Sasa jaribu mwenyewe. Nunua chupa 2 za bechi moja, yaani za mkupuo mmoja wa utengenezaji, kwa bei kamili, bila kujiunga. Moja weka friji, nyingine isimamishe ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwenye joto la kawaida la nyumba, kwa siku 14. Ndoo ni kinga chupa ikipasuka. Siku ya 15 zifungue zote, ukiwa umefunika mdomo wa chupa kwa kitambaa. Ile ya kwenye ndoo ikitoa povu linalopanda shingoni, na lebo haisemi ni mvinyo wa gesi, achana na bechi hiyo.

Mimina kidole kimoja katika glasi angavu, uiinamishe juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo wa ndizi kuwa na ukungu kidogo si kosa. Ndizi ina pektini nyingi, ule utando wa matunda unaoshika kama jeli, na kuisafisha kunahitaji kimeng'enya, yaani kiungo cha kuivunja. Ukungu unaoongezeka kati ya chupa ya friji na ya ndoo ni jambo jingine: kitu kinaota humo. Kisha nusa. Harufu ya siki, au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, inaonyesha hewa imeingia na bakteria wamepata kazi, haitaondoka. Harufu ya yai bovu ikiwa nyepesi inaweza kupotea ukiacha glasi wazi nusu saa. Onja ukiwa haujapoa, kwani baridi kali na sukari nyingi huficha makosa. Mvinyo wa choya una rangi nyekundu ya kuvutia, lakini mwanga na muda huigeuza kahawia, basi usinunue wa kukaa zaidi ya mwaka.

Kabla ya kutoa hela, angalia alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na stempu ya kodi ya kidijitali ya URA, mamlaka ya mapato, kwenye kila chupa. Stempu hizo zilianza mwaka 2019, na mvinyo umo. Mtu akikuambia chupa zisizo na stempu ni “bei ya shamba”, kataa; mzigo huo unaweza kukamatwa ukiwa mikononi mwako. Lipa kwa namba ya biashara ya MTN au Airtel yenye jina la kiwanda. Ukituma kwa namba binafsi, mpokeaji akitoa taslimu hukatwa ada na kodi ya asilimia 0.5, na wewe huna ushahidi kwamba kiwanda kimepokea.

Makubaliano yawe ukurasa mmoja, wenye sahihi mbili: katoni ngapi kwa mwaka, nani anachagua aina, unaruhusiwa kuruka msimu au la, malipo ya mapema ni kiasi gani (nusu inatosha, usizidishe), na chupa mbovu zinabadilishwa ndani ya siku ngapi. Omba siku 30 badala ya 7, maana uchachukaji wa pili huchukua muda kuonekana. Andika namba ya bechi uliyoonja. Watu wanne wakiungana kuchukua katoni 4 kwa safari moja, usafiri hushuka na nguvu ya kuomba punguzo hupanda. Ila mkianza kuwauzia wengine, hiyo ni biashara ya pombe na inataka leseni.

Katoni ya chupa 12 ina uzito wa kilo 15 hivi. Boda boda huitikisa mno. Panda nayo taksi au basi la alfajiri, iwe sakafuni ndani ya gari, kadibodi ikitenganisha kila chupa. Buti ya gari lililoegeshwa juani saa nane mchana inaupika mvinyo kwa siku moja. Ukifika, uache utulie wiki nzima kabla ya kufungua.

Nyumbani, tafuta kabati la chini lenye giza, mbali na jiko na mbali na mabati. Kabale baridi inakusaidia. Gulu au Arua chukua katoni moja moja badala ya kurundika tatu. Chupa yenye kizibo cha gome ilale, yenye kifuniko cha kuzungusha isimame. Ikishafunguliwa, ifunge, irudishe friji, uimalize ndani ya siku 3 hadi 5. Chupa tupu zisuuze siku hiyo hiyo kabla mashapo hayajakauka, umrudishie mtengenezaji: chupa mpya ni gharama kubwa kwake, na wengi hupunguza bei ya katoni inayofuata kwa anayezirudisha.