Mambo ya kuzingatia kabla hujaigusa kontrola ya diski kwenye seva ya Linux

Kontrola ni kadi inayozisimamia diski za seva. Nakala rudufu iwe nje ya seva hiyo, na iwe imekwisha kujaribiwa kurejeshwa. Kerneli ya zamani, yaani kiini cha Linux, ibaki kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha. Ufunguo wa chumba cha seva uwe mkononi mwako, maana seva iliyogoma kuwaka huwezi kuifikia kwa mtandao.

Kabla ya kupandisha toleo la mfumo, endesha amri ya lspci -nnk, inayoorodhesha kadi zilizomo kwenye seva, kisha uandike kwenye karatasi namba za kontrola na jina la draiva (programu inayoiwezesha Linux kuwasiliana na kadi) inayoihudumia. Jina la draiva peke yake halitoshi. Kontrola ya PERC H700 ya Dell, kwa mfano, hujitambulisha kwa namba 1000:0079 na huendeshwa na megaraid_sas. Red Hat Enterprise Linux 8 inayo megaraid_sas, lakini namba hiyo, pamoja na za kontrola nyingine za zamani, iliondolewa ndani yake, kwa hiyo kadi iliyofanya kazi bila shida kwenye toleo la 7 haihudumiwi tena.

Sisi hatukulijua hilo. Mfumo wetu ulikuwa kwenye diski ndogo iliyounganishwa moja kwa moja na ubao mama, na mafaili ya ofisi yalikuwa kwenye diski sita za RAID 5, yaani zilizounganishwa kuwa safu moja inayostahimili kufa kwa diski moja, nyuma ya kontrola. Tuliweka toleo jipya usiku, seva ikawaka vizuri, ila lsblk, amri inayoorodhesha diski, haikuonyesha chochote cha RAID. Tukaamini kwamba safu imekufa. Tuliwasha upya, tukabonyeza Ctrl+R kuingia kwenye menyu ya kontrola, na pale palikuwa pameandikwa Optimal, yaani diski zote ni nzima. Tulilisoma neno hilo, tukalipita. Tukaifuta safu, tukaiunda upya na kuisafisha yote, kazi iliyokwenda hadi alfajiri, kisha tukarudi kwenye Linux na kukuta bado haioni kitu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba diski hazikuwa na ugonjwa wowote. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na wahasibu waliingiza upya stakabadhi za wiki hizo kutoka kwenye majalada, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo diski zisipoonekana, ingia kwenye menyu ya kontrola usome tu, usibadilishe neno. Ikisema Optimal wakati Linux haioni kitu, anza kuchunguza draiva. Ikisema Foreign, yaani inaziona diski kama za kontrola nyingine, usichague Clear, kwa sababu utafuta maelezo ya jinsi safu ilivyopangwa. Dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikitaja FAULT, draiva ipo na inayolalamikiwa ni kadi yenyewe.

Ukichukua draiva ya ELRepo, hazina ya draiva za ziada kwa ajili ya Red Hat, kumbuka kwamba hujengwa kwa kufuata kerneli. Kila kerneli inapobadilika, hakikisha kwa lsinitrd kwamba megaraid_sas imo kwenye initramfs mpya (faili la draiva zinazohitajika mwanzo wa kuwaka) kabla hujawasha upya, na uangalie Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, ambayo hukataa moduli isiyo na sahihi inayoiamini. Seva ikiwa nzito ghafla, kagua betri ya kashe (kumbukumbu ya muda ya kadi) kabla ya kuilaumu draiva. Usibadilishe draiva na programu ya ndani ya kadi usiku mmoja, usifanye kazi hii peke yako, na popote menyu inapokuuliza kama una uhakika, mwite mwenzako asome kwa sauti kilichoandikwa kabla hujabonyeza.