Mfuko wa sokoni wa kroshia: kuanzia kitako hadi mishikio

Mfuko huu hauunganishwi popote. Unaanza kwenye kitako, unafumwa kwa kuzunguka kwenda juu, na mishikio inatoka kwenye mwili wenyewe. Kwa anayejifunza tunaupendekeza kuliko ule wa vipande viwili vinavyoshonwa ubavuni, kwa sababu ubavu ndio huachia kwanza ukibebeshwa viazi. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, mfuko wa kubeba tena na tena una kazi kila siku, basi ufumwe wa kudumu.

Tafuta sindano ya kroshia ya milimita 5 (namba huandikwa kwenye mpini), gramu 300 za uzi wa pamba wa unene wa kati, sindano butu yenye tundu kubwa, mkasi, na kipande cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama. Uzi wa sweta wa akriliki ni wa bei nafuu, ila hunyumbuka: mfuko ukijaa, mishikio inashuka hadi magotini.

Mshono wa mwili wote ni mmoja tu, mshono mfupi. Ingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za juu za mshono wa mstari uliotangulia, vuta uzi, utapata vitanzi viwili kwenye sindano. Zungusha uzi na uupitishe katika vyote viwili. Wengi huchukua uzi mmoja wa juu badala ya miwili, na hapo mfuko hulegea. Fuma kwanza kipande kidogo upime: mishono 14 iwe sentimita 10. Ukipata 17 unakaza mno. Badili sindano, chukua ya milimita 5.5, wala usijilazimishe kulegeza mkono.

Kitako: anza na mnyororo wa pete 36 (funga kitanzi kwenye sindano, zungusha uzi na uupitishe katika kitanzi hicho; kila mara ni pete moja). Ruka pete ya kwanza iliyo karibu na sindano, weka mshono mmoja katika kila pete 34 zinazofuata, na mishono 3 katika pete ya mwisho. Sasa usigeuze kazi. Endelea upande wa pili wa mnyororo huohuo, mishono 33, kisha 2 katika pete ulipoanzia. Hesabu: 72. Weka alama kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko.

Mzunguko wa pili ndio wa kuongeza. Weka mishono 2 katika mshono wa kwanza, 33 ya kawaida, 2 katika kila mmoja wa mitatu ya kona, 33 tena, na 2 katika kila mmoja wa miwili ya mwisho. Jumla 78. Kitako kikijikunja kama mawimbi, umeongeza kupita kiasi. Fumua mzunguko huo.

Kutoka hapo hakuna kuongeza. Zunguka tu, mshono juu ya mshono, mpaka mizunguko 48 au urefu wa sentimita 30. Hesabu kila baada ya mizunguko mitano. Mfuko unaobana kuelekea juu umepoteza mishono, na mara nyingi ni ule wa kwanza baada ya alama, ambao hujificha na kurukwa.

Mishikio inahitaji utulivu. Katika kufuma kwa kuzunguka, alama huhama pembeni kidogo kidogo, kwa hiyo usiifuate. Laza mfuko mezani, endelea kufuma hadi ufike kwenye ukingo wa ubavu, na uanzie hapo: mishono 12, mnyororo wa pete 60, ruka mishono 15, mishono 12. Rudia upande wa pili. Pete 60 zinatosha begani. Kwa mkononi, 35. Kagua kwamba minyororo haijajipinda, kisha fuma mizunguko mitatu juu ya yote.

Mshikio hunyumbukia ukingo wa ndani. Uzibe kwa mishono ya kuteleza: ingiza sindano, vuta uzi moja kwa moja katika kitanzi kilichopo, zunguka tundu lote la mshikio. Kaza kidogo, ila usikunje kitambaa. Nyuzi za mwisho zikatwe zikiwa na sentimita 10, na zifichwe kwa kwenda, kurudi na kwenda tena. Zikienda upande mmoja tu huchomoka kwenye kufua.

Kama utabeba funguo au sarafu, tia bitana ya kitenge: vipande viwili vya sentimita 30 kwa 32, vilivyofuliwa kwanza ili visinywee baadaye. Vishone chini na pembeni, kunja sentimita moja juu, kisha shonea kwa mkono chini kidogo ya mishikio. Mfuko ufuliwe kwa maji baridi na uanikwe ukiwa umelazwa, kwani ukining'inizwa ukiwa umelowa hurefuka.