Kushuka magenge ya Newala msimu wa mvua: usome mteremko kabla haujaondoka na wewe

Wadau, kila msimu ukikolea swali ni lile lile: njia ya bondeni inapitika? Watu wanatazama juu, wakiona jua limetoka wanafunga safari. Mimi nasema tazama chini. Mvua inayonyesha saa hii siyo inayoangusha mteremko peke yake. Kinachouangusha zaidi ni maji yaliyokwisha kuzama ndani, na hayo hayakauki kwa jua la asubuhi moja.

Huku juu kwenye uwanda wa Makonde udongo mwingi ni kichanga chekundu. Maji yanazama upesi, ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakishuka magenge na mitungi kufuata chemchemi. Maji yale huteremka mpaka yakutane na tabaka la mfinyanzi au mwamba, yakazuiwa, yakatambaa pembeni na kuchomoza ubavuni mwa genge. Pale tabaka mbili zinapokutana ndipo penye utelezi. Udongo wa juu ukishiba unakuwa mzito, na wakati huo huo unapoteza mshiko wake.

Hatua ya 1: hesabu mvua iliyopita. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mvua ambayo Desemba ingenywewa yote na ardhi, Aprili haina pa kwenda. Weka kopo lililonyooka pande zote mahali pa wazi, pima kwa rula kila asubuhi, andika, mwaga. Sikiliza pia Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa vimbunga. Kile kilichopiga Lindi kilikuja Aprili 1952, na Hidaya, ambacho mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, kilikuja Mei 2024. Vyote viliikuta ardhi imeshalowa.

Hatua ya 2: pima mwinuko. Macho yanadanganya, hasa ukiwa juu unatazama bonde la Ruvuma. Chukua fito mbili za mita moja. Moja ilaze kutoka mtelemkoni kuelekea hewani, iwe sawasawa. Chupa ya maji iliyojaa nusu, ukiilaza juu yake, itakuonyesha kama imeinama. Ya pili isimamishe wima kutoka ncha ya ile ya kwanza hadi ardhini. Ikigusa ardhi kwenye sentimita 58, mteremko ni nyuzi 30. Ikimalizika yote, ni nyuzi 45. Kuanzia nyuzi 30, kwa udongo uliolowa, mimi nazunguka. Chini ya hapo si salama moja kwa moja, kwa sababu tope likishaanza juu linafika hata kwenye tambarare. Watu wa Katesh, mkoani Manyara, walifikiwa na tope na mawe ya Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 wakiwa chini kabisa, wengine sokoni na majumbani.

Hatua ya 3: tafuta nyufa. Hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Tembea juu ya ukingo, usisogee kwenye mdomo wenyewe (na nyie mnaopiga picha Shimo la Mungu, lile genge letu maarufu la Newala, mkiwa mmening'iniza miguu, nawaona). Unatafuta ufa uliopinda kama upinde, ncha zake zikielekea bondeni. Ufa wa kiangazi wa mfinyanzi huwa umetapakaa kila upande. Huu ni mmoja, mrefu, na mara nyingi upande wa bondeni umeshuka kidogo kuliko wa juu. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, funga kamba iliyonyooka katikati, tia fundo. Rudi kesho. Kamba ikikaza au ikikatika, njia hiyo imefungwa na uongozi wa kijiji ujulishwe siku hiyo hiyo. Ufa uzibe kwa udongo na kuushindilia ili maji yasiingie, lakini fanya hivyo ukiwa umesimama upande wa juu.

Tazama na miti. Shina lililopinda chini kisha likanyooka linasema udongo unatambaa polepole miaka mingi. Miti mingi iliyoinama kwa pamoja, yote mwaka huu, ni habari nyingine.

Hatua ya 4: soma chemchemi. Ya siku zote ikigeuka tope bila sababu, ikikauka ghafla mvua ikiwa bado inanyesha, au maji yakichomoza pasipowahi kutoka, usishuke. Kijito cha korongoni kikipungua wakati wa mvua ujue huenda kimezibwa juu, na kizuizi kikiachia hakibishi hodi.

Hatua ya 5: mkishuka. Mmoja mmoja kwenye sehemu mbaya, wengine wakiwa wamesimama pembeni wanamwangalia. Pitieni mgongoni mwa kilima, si ndani ya korongo. Msipumzike chini ya genge.

Hatua ya 6: poromoko likianza. Utasikia miti ikivunjika au mngurumo, wakati mwingine kabla ya kuona chochote. Kimbia kwa upande, kuelekea mgongo wa kilima. Ukikimbia kufuata bonde unashindana na tope, na tope linashinda. Likipita, hesabuni watu, pigeni 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na asiingie mtu kabla ya mmoja kuwekwa juu kuangalia, maana la pili hufuata.

MASWALI

*Tandahimba: Mikorosho yangu iko ukingoni kabisa. Si mizizi inashika udongo?*

Inashika udongo wa juu, na inakunywa maji, kwa hiyo usiikate. Ila utelezi ukiwa chini ya mizizi, mkorosho unaondoka umesimama wima. Kinachosaidia ni kuyageuza maji ya njiani na ya paa yasimiminikie ukingoni. Na usichimbe chini ya mteremko kupata kiwanja.

*Lindi mjini: Nimeshachimba tayari, ukuta wa udongo uko nyuma ya chumba cha watoto.*

Dada, usiku wa mvua kubwa watoto walale chumba cha mbele, kuanzia leo. Kisha chimba mfereji juu ya ule ukuta, na umwite fundi anayejua kuta za kuzuia udongo zenye matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu unajaza maji nyuma yake, na siku moja unaanguka nayo.

*Mikindani: Shikamoo mwalimu. Mwanangu anasoma Norway, anapanda milima ya theluji na wenzake. Anasema sasa joto limeanza, theluji inayeyuka, ndiyo wakati mzuri. Kweli?*

Marahaba mama. Uzuri upo, lakini kwa saa chache. Sheria ni hii hii ya maji: theluji ikiyeyuka au ikinyeshewa mvua, maji yanashuka ndani yake, mshikamano unalegea, na mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 unaachia. Mwulize mambo matatu. Usiku uliopita theluji iliganda? Usiku wa mawingu theluji haigandi sawasawa, na asubuhi yake siyo ya kupanda. Wanatoka saa ngapi? Watoke gizani, wawe wameshuka kabla jua halijailainisha. Na wanageuka wakiona nini? Vibonge vya theluji vikianza kujiviringisha vyenyewe, au mguu ukizama hadi gotini, warudi kwa njia ya mteremko mdogo. Wasipite chini ya kingo za theluji zilizoning'inia kileleni.

Wenzetu wa Norway wana tovuti iitwayo Varsom, inayotangaza hatari ya maporomoko ya theluji kwa ngazi 1 hadi 5. Ngazi 3 wengi huiona ya katikati tu wakaidharau, kumbe hapo hatari imeshakuwa ya kuogopwa. Kila mmoja avae kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, abebe fimbo ndefu ya kudunga thelujini kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Aliyefukiwa ana kama dakika 10 hadi 15 za matumaini mazuri, kwa hiyo mwokozi ni yule aliye naye pale pale.

*Masasi: Sisi milima yetu ni ya mawe matupu, hakuna udongo wa kuporomoka. Tupande tu?*

Mawe yakilowa, ule ukungu mweusi unaoota juu yake unateleza kama sabuni. Subirini yakauke. Na radi ikisikika, hata kwa mbali, shukeni.

*Newala: Mvua imekata juzi. Kesho nishuke?*

Ule ufa wa juu ya njia umeuangalia? Nenda asubuhi na kamba na vigingi, kisha tuandikie kilichoonekana keshokutwa.