Somo: kuimodeli memrista kwenye LTspice bila kununua kifaa

Wadau wa Dodoma mambo vipi, naona vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanaiulizia sana memrista, yaani kikinzani chenye kumbukumbu, kwa ajili ya projekti basi naiweka hapa. Usizunguke soko la Majengo kuitafuta dukani, laptopu inatosha na LTspice, programu ya kuiga saketi, ni ya bure.

Mhandisi Leon Chua aliitabiri 1971, kampuni ya HP wakaionyesha 2008 kwa titani dioksaidi. Ukinzani wake unafuata chaji iliyokwisha kupita, na ukizima umeme hausahau.

Hatua ya 1: hali ya kifaa iite x, kati ya 0 na 1. Ukinzani ni 100x + 16000(1−x), omu.

Hatua ya 2: kasi ya x ni 10000 mara mkondo wa memrista. Hapa ndo wengi wanakwama, kumbe ni rahisi tu, weka kapasita ya faradi 1 pembeni, ilishe mkondo wenye thamani sawa na kasi hiyo kwa sosi ya B (chanzo cha LTspice kinachofuata fomula unayoiandika), volteji ya kapasita ndo x yako. Ianzishe 0.3.

Hatua ya 3: zidisha kasi kwa dirisha la Joglekar, yaani fomula inayoipunguza kasi x ikikaribia ukingo, 1−(2x−1)^2, x isivuke mipaka.

Hatua ya 4: ingiza wimbi la sine la volti 1, hezi 1, chora mkondo dhidi ya volteji. Itoke nane iliyobanwa kwenye sifuri, na ukienda hezi 10 inanyooka karibu kuwa mstari. Isiponyooka usiendelee, rudi hatua ya 2.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu nimeweka volti 3, x imefika 1 ikaganda, nageuza volteji wapi!
Jibu: Dirisha hilo ni sifuri pale ukingoni kwa hiyo hakuna cha kuisukuma irudi. Tumia la Biolek, linaangalia mkondo unaelekea wapi: mkondo chanya 1−x^2, hasi 1−(x−1)^2.

Dada wa Kisasa: Naweza kuitumia kwa memori?
Jibu: Hii hapana dada. Hata volteji ndogo ya kusoma inaisogeza x, ukisoma sana data inaharibika. Chukua VTEAM, modeli nyingine ya memrista, ina kizingiti cha volteji, chini yake x haitikisiki.

Mdau wa Ipagala: Na mambo ya kuiga ubongo je?
Jibu: Zipange kwenye gridi, safu za mlalo za volteji na nguzo za wima za mkondo. Kila memrista inazidisha volteji kwa upitishaji wake (1 gawanya kwa ukinzani), ambao ndo uzito wa sainapsi, kiungo cha neva na neva, nguzo inajumlisha mikondo, kanuni za Omu na Kirchhoff zinakufanyia hesabu yote kwa mkupuo. Ila anza na gridi ya 2 kwa 2, mkondo unaopenya njia za panya kwa jirani utakutoa jasho.