Somo: Siku moja Sydney kwa abiria wa meli ya kitalii

Somo hili linamhusu abiria ambaye meli yake inafunga gati Sydney alfajiri na kuondoka jioni ya siku hiyo hiyo. Muda huo hautoshi kulizunguka jiji, wala haina haja ya kujaribu. Uzuri wa Sydney uko kwenye bandari yake, na anayezitumia saa zake kuizunguka kwa miguu na kwa feri ataondoka ameona mengi kuliko yule aliyekimbilia milima ya Blue Mountains, ambako treni peke yake huchukua takriban saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Hatua ya kwanza: viza, kabla ya kulipia tiketi. Kupita katika bandari moja tu hakumwondolei abiria wajibu wa kuwa na viza ya Australia. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda huomba viza ya mgeni ya daraja la 600 kwa njia ya mtandao, na anapaswa kuiomba mapema kwa sababu majibu hayatoki kwa siku mbili. Wenzetu wenye pasipoti za Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya wana kibali chepesi cha kielektroniki cha daraja la 651, na wenye pasipoti za Marekani na Kanada huomba cha daraja la 601 kwa programu ya simu. Ikiwa meli itatoka Australia kwenda New Zealand au Nouméa, mji mkuu wa New Caledonia, kisha irudi, hakikisha viza inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana kila kurudi huhesabiwa kuwa ni kuingia upya.

Hatua ya pili: jua gati lako. Sydney ina vituo viwili vya meli za abiria, na tofauti yao ni kubwa mno kwa mipango ya siku. Kituo cha Overseas Passenger Terminal kiko Circular Quay, katikati kabisa ya jiji, na ukishuka hapo huhitaji gari lolote. Kituo cha White Bay kiko upande wa magharibi wa daraja la Harbour Bridge, hakina stesheni ya treni jirani, na wengi hutegemea teksi au basi linaloandaliwa na meli. Meli ndefu kwenda juu hazina hiari, kwa kuwa nafasi chini ya daraja ni kama mita 49, hivyo hubaki upande wa mashariki. Mamlaka ya bandari ya New South Wales, jimbo lenye Sydney, huweka ratiba ya meli kwenye tovuti yake pamoja na jina la kituo, nayo inafaa kuangaliwa tena siku chache kabla ya kufika.

Hatua ya tatu: usilale. Mwingilio wa bandari ni pengo kati ya miamba miwili, North Head na South Head, na kutoka hapo meli husogea taratibu kati ya vilima vyenye nyumba hadi jengo la Opera House litokeze upande wa kushoto na daraja mbele. Panda sitaha ya juu na sweta lako mapema. Wanaokwenda White Bay hupita chini ya daraja lenyewe, na hata mabaharia wazoefu huinua shingo kuangalia kama bomba la moshi litapita salama.

Hatua ya nne: shuka bila chakula. Tufaha la mezani, sandwichi na nyama iliyofungwa kwenye karatasi vyote vibaki melini. Sheria za Australia za kulinda mimea na mifugo ni kali, ukaguzi hufanyika pale pale kituoni, na faini hutozwa bila mjadala mrefu. Beba pasipoti au hati ambayo meli imeelekeza, kadi ya meli, kofia, chupa ya maji na krimu ya kukinga jua. Msidharau jua la huko kwa sababu tu tumezaliwa pwani. Mionzi yake ni mikali hata siku yenye upepo wa baridi.

Hatua ya tano: anza na Opera House na bustani asubuhi. Kutoka Circular Quay fuata ukingo wa maji kuelekea mashariki, dakika kumi hivi, hadi kwenye jengo lililosanifiwa na Jørn Utzon wa Denmark na kufunguliwa mwaka 1973. Kwa mbali paa lake ni jeupe tupu. Panda ngazi ulisogelee, utaona kwamba limevishwa vigae zaidi ya milioni moja vya aina mbili, vingine vyeupe vinavyong'aa na vingine vya rangi ya maziwa visivyong'aa, vimepangwa kwa mistari inayokutana kama mishale. Ndiyo maana rangi yake hubadilika jua linaposogea. Nyuma yake inaanza Royal Botanic Garden, bustani ya tangu mwaka 1816 isiyo na kiingilio. Tembea ndani yake hadi kwenye rasi ya Mrs Macquarie's Chair, kiti kilichochongwa mwambani mwaka 1810. Kutoka hapo Opera House na daraja huonekana pamoja, na asubuhi jua linakuwa mgongoni mwa mpiga picha. Anayefika alasiri hupiga picha za vivuli.

Hatua ya sita: feri ya Manly. Kama una nafasi ya jambo moja tu, liwe hili. Feri hutoka gati namba 3 la Circular Quay na safari huchukua nusu saa. Nauli hulipwa kwa kadi ya Opal, yaani kadi ya usafiri wa umma ya huko, au kwa kadi ya benki ya kugusisha: unaigusisha kwenye mashine unapoingia na tena unapotoka. Tumia kadi ile ile mara zote mbili, kwani simu na kadi ya plastiki huhesabiwa kuwa vitu tofauti hata kama akaunti ni moja, na asiyegusisha wakati wa kutoka hukatwa nauli ya juu kabisa. Kila siku ina kikomo cha nauli, na kikomo cha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni cha chini zaidi. Kaa nje, upande wa kulia, ili upate Opera House, kisha ngome ndogo ya Fort Denison, kisha mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe pale South Head. Feri ikilivuka lile pengo la bahari kuu huanza kuyumba, na aliyezoea pantoni ya Likoni au Kigamboni atatambua kwamba haya ni maji ya namna nyingine. Manly yenyewe ni mwendo mfupi kutoka gatini hadi ufukweni kupitia mtaa wa Corso. Ukinunua samaki na chipsi, jihadhari na shakwe, kwani hawana aibu hata kidogo.

Hatua ya saba: daraja liwe la mwisho. Liko karibu na meli, kwa hiyo muda ukibana unaweza kulifupisha. Pita The Rocks, mtaa wa mawe ambako Waingereza walijenga makazi yao ya kwanza baada ya kufika mwaka 1788 katika ardhi ya Wagadigal, wenyeji wa asili wa eneo hilo, panda ngazi za mtaa wa Cumberland, na utembee juu ya daraja bila malipo upande wa mashariki. Lilifunguliwa mwaka 1932. Ukifika ng'ambo na miguu ikagoma, treni ya Milsons Point itakurudisha jijini kwa kupita juu ya daraja hilo hilo. Kurudi melini, fuata saa ya meli iliyotangazwa wakati wa kushuka, hasa kama mmetoka New Zealand ambako saa ziko mbele kwa mbili. Wa White Bay wajipe saa nzima ya ziada.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nitafika siku ya Ijumaa. Nitapata wapi chakula cha halali na mahali pa kuswali?*

Marahaba, mwanangu. Chakula si tatizo, kwani migahawa ya Kilebanoni na ya Kituruki ipo mingi na mingi huweka cheti cha halali dirishani. Uliza pale usipokiona. Msikiti ulio karibu uko Surry Hills, unafikika kwa miguu kutoka stesheni ya Central. Auburn ina msikiti mzuri wa Gallipoli, wenye kuba na minara ya mtindo wa Kituruki, lakini uko mbali magharibi na ungekula nusu ya siku yako.

*Mimi ni baharia kutoka Mombasa, napata ruhusa ya saa nne tu. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, hakikisha kwanza viza yako ya baharia ya daraja la 988 iko hai. Maombi yake hayana ada. Ukiwa Circular Quay, panda feri ya Manly, kula pale, urudi na feri inayofuata. Ukiwa White Bay, achana na Manly, chukua teksi hadi Opera House na umalizie bustanini.

*Mama yangu anatembea kwa mkongojo. Daraja atalimudu?*

Ndiyo, kuna lifti pande zote mbili, hivyo hatalazimika kupanda ngazi. Mjini, tramu za mtaa wa George huanzia Circular Quay na zina sakafu ya chini.

*Watoto wanaweza kuogelea Manly?*

Wanaweza, lakini kati ya bendera zenye rangi nyekundu na njano pekee, ambapo waokoaji wanaangalia. Nje ya hapo kuna mikondo inayovuta kuelekea baharini hata maji yakionekana yametulia. Mwezi Juni hadi Agosti ni majira ya baridi, na jua huzama mnamo saa kumi na moja jioni, kwa hiyo wabebee nguo nzito na msikae sana.