Karakana ya useremala uani: kona kwanza, tofali baadaye

Juzi nilikuwa Kihonda, Morogoro, nikimsaidia shemeji kusimamisha karakana nyuma ya nyumba yake. Mdogo wake naye anataka kujenga, ndiyo maana naandika hatua zenyewe.

1. Pima mbao kabla ya kiwanja. Mbao zetu nyingi ni za futi 12, kama mita 3.66. Ukiipitisha kwenye mashine ya randa, inataka futi 12 mbele na futi 12 nyuma, yaani zaidi ya mita 7. Shemeji ana nafasi ya mita 4 kwa 6 tu. Tulichofanya ni kuielekeza randa mlangoni, mbao itokee nje. Mlango ni wa mita 2.4, wa vipande viwili. Mlango wa kukunja juu siutaki, vumbi la mbao linaumaliza.

2. Kibali. Anzia serikali ya mtaa, wakuelekeze halmashauri. Usichimbe kabla.

3. Kupiga kona. Hapa ndipo nilipoumia kwenye karakana yangu. Niliufuata ukuta wa uzio nikidhani umenyooka. Kosa nililiona siku ya kupaua: bati zikaenda upogo, tukazikata ngazi ngazi upande mmoja. Siku nzima ilipotea, na bati mbili.

Piga kigingi cha kwanza, gongelea msumari juu yake. Huo msumari ndio kona. Kila kipimo kianzie hapo, si ubavuni mwa kigingi. Vuta uzi wa upande mrefu, weka alama mita 4. Vuta uzi wa upande mfupi, weka alama mita 3. Kati ya alama na alama lazima iwe mita 5 kamili, hapo ndipo kona imekaa mraba. Ikizidi au kupungua, sogeza uzi wa pili. Wa kwanza usiuguse, la sivyo mtazunguka mpaka jioni.

Ukipata kona zote nne, pima kona kwa kona. Kwa mita 4 kwa 6 inatoka mita 7.21, pande zote mbili. Mafundi wengi wakiona hizo mbili zimelingana wanakunja tepu. Usikubali! Umbo lenye upande mmoja mpana na wa pili mwembamba nalo linaweza kukupa vipimo sawa kona kwa kona. Pima kwanza pande zinazotazamana, ndipo upime kona.

Tumia tepu ya chuma. Ya kitambaa inavutika. Eneo likiwa na mteremko, tepu ilale sawasawa kama maji, usiifuatishe ardhi. Kwa Shemeji tulikosa sentimita 6 kwa sababu hiyo tu, tukaanza upya saa tano asubuhi, jua limeshachachamaa.

Vigingi vya kona vitang'olewa na majembe. Kwa hiyo simamisha mbao za profaili, yaani za kufungia nyuzi, mita moja nje ya mtaro wa msingi, uhamishie nyuzi huko. Ukimaliza kuchimba, unazirudisha na kona inarudi palepale.

4. Msingi na jamvi, yaani sakafu ya zege. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka, si kumwaga chote na kukikanyaga. Juu yake nailoni, kisha zege inchi 4, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mwagilia siku saba. Shemeji alitaka kuingiza mashine siku ya tatu, tukakaribia kugombana.

5. Kuta. Tofali za inchi 6. Madirisha yaanzie juu ya kimo cha meza ya kazi, na moja liwe upande wa mkono wako wa kushoto kama unatumia kulia. Hapo kivuli cha mkono hakikufuniki mstari.

6. Paa. Kenchi (fremu za paa) za inchi mbili kwa nne, papi (mbao za kupigilia bati) za mbili kwa mbili, zote zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijapanda. Bati chukua geji (kipimo cha unene) 28. Geji 30 ni nyembamba zaidi, na mimi sijengi nayo tena. Weka bati mbili za mwanga juu ya randa.

7. Umeme. Mwite fundi mwenye leseni, umwambie mashine zako ni za ukubwa gani kabla hajanunua waya, na erthi, waya wa kupeleka umeme ardhini, asiiruke. Soketi ziwe mita 1.2 kutoka chini, maana mbao huegemezwa ukutani. Shemeji aling'ang'ania moja iwe karibu na sakafu. Tayari imezibwa na mbao za mvule.